Anayeugua na Anayeuguza Waingie Barazani

Sisi tunaoandika haya tunakaa Ruharo, hapa Mbarara, katika vyumba vya kupanga. Baadhi yetu tunafanya kazi viwandani mjini, wengine ni vibarua wa mashamba ya migomba upande wa Isingiro, na wengine tulichuma chai Bushenyi kabla ya kuhamia hapa. Wamo pia kati yetu waliotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Safari hii hatukukutana kwa sababu ya mshahara. Kila mmoja wetu ama amewahi kuugua maradhi ya akili, ama anamuuguza mtu wa nyumbani kwake mwenye maradhi hayo.

Ruharo inajulikana mbali kwa ajili ya macho. Watu hutoka wilaya nyingine, wengine wameshikwa mkono, wakija kutibiwa macho katika hospitali ya misheni. Hakuna anayeona haya. Mtu husema wazi ndani ya basi, "Namleta mama, haoni," na abiria wakampisha. Lakini yule anayempeleka ndugu yake katika wodi ya maradhi ya akili, kwenye hospitali kuu ya mkoa hapo mjini, humpeleka usiku, amemfunika shuka, na akiulizwa husema ni malaria. Macho na akili vyote vimo katika kichwa kimoja. Kwa nini kimoja kitangazwe na kingine kifichwe?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumeficha vya kutosha. Siku hizi mambo ya afya ya akili yanazungumzwa sana katika ngazi ya taifa. Kila tarehe 10 Oktoba Siku ya Afya ya Akili Duniani husherehekewa kwa hotuba. Sheria mpya imetungwa, mipango inaandikwa, semina zinafanyika. Yote hayo ni mema. Swali letu ni moja tu: katika mabaraza hayo, anayeugua na anayeuguza wako wapi?

USHUHUDA NA SODA

Mwenzetu mmoja, fundi wa mashine katika kiwanda ambacho hatukitaji, aliugua miaka michache iliyopita. Alikuwa amefanya zamu ya usiku mfululizo. Usingizi ulimkimbia hata mchana, kisha akaanza kusikia sauti zikimwambia kwamba mashine yake imetiwa sumu. Siku moja aliizima na kumfukuza kila aliyeikaribia. Alipelekwa hospitali amefungwa kamba. Akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini na barua ya daktari. Msimamizi aliisoma barua ile getini kwa sauti, zamu nzima ikisikia. Toka siku hiyo wakamwita "Butabika", kwa jina la hospitali kubwa ya maradhi ya akili iliyoko Kampala. Jina alilopewa na baba yake likasahauliwa.

Baadaye akaalikwa kwenye semina. Akapiga shati pasi, mkewe akamsindikiza hadi kituo cha basi. Ukumbini walimsimamisha mbele ya watu wakamwomba aeleze alivyokuwa "wakati ule". Akaeleza. Wakamuuliza kama ni kweli alivua nguo. Akajibu. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi, akapigwa picha, akapewa soda na nauli. Kisha mwenyekiti akamshukuru, akatangaza kwamba sasa wataalamu wataanza kazi: fedha ziende wapi, dawa zipi zinunuliwe, wilaya ipi itangulie. Mwenzetu akaonyeshwa mlango.

Aliporudi Ruharo alituambia, "Walitaka ugonjwa wangu, hawakutaka maoni yangu."

Na maoni alikuwa nayo. Yeye hupigwa sindano kila mwezi. Sindano ile inanyamazisha sauti, lakini inamtetemesha mikono na kumkaza taya. Kipo kidonge cha kupunguza kutetemeka huko, na mgonjwa akikipata hufanya kazi yake vizuri. Mara nyingi sindano ipo na kidonge hakipo. Sasa fundi asiyeweza kushika spana atakula nini? Huacha sindano ili mikono itulie. Baada ya miezi michache sauti zinarudi, naye anarudishwa hospitali kwa kamba. Katika semina ile ile, kabla hajatolewa nje, alimsikia bwana mmoja akilalamika kwamba wagonjwa wa akili ni wakaidi, hawataki dawa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kama mwenzetu angeachwa akae saa moja zaidi, wangejua kwamba ukaidi ule dawa yake ni kidonge kidogo kilichokosekana. Fedha zinazotumika kumrudisha mtu hospitali zingenunua vidonge vya mwaka mzima.

TUNAJUA JAMBO HILI TANGU ZAMANI

Sisi wafanyakazi hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha jambo hili. Tuliposema mshahara hautoshi, walikuwapo watu wema waliotaka kutusemea: mapadri, mabwana wa maendeleo, hata wake wa wenye mashamba. Tuliwashukuru, lakini hatukuwapa kalamu ya kutia saini mkataba wetu. Mkataba wa hali bora ya kazi hujadiliwa na mwajiri upande mmoja na wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi upande wa pili. Mwajiri akimchagua yeye mwenyewe mfanyakazi mmoja mpole na kumketisha mkutanoni, twajua huyo tumwiteje.

Ndiyo maana Bunge la Uganda lina viti vitano vya wawakilishi wa wafanyakazi. Lina pia viti vitano vya wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Viti hivyo vya pili havikuanguka kutoka mbinguni. Viwete, vipofu na viziwi walijikusanya, wakaunda umoja wao wa taifa, NUDIPU, mwaka 1987, wakadai. Lakini mtazame mwenye maradhi ya akili. Katiba hiyo hiyo ya mwaka 1995, katika ibara ya 80, inasema kwamba mtu asiye na akili timamu hawezi kuchaguliwa kuwa mbunge. Mlemavu wa mguu amefunguliwa mlango. Mlemavu wa akili anapofika mlangoni anaulizwa kwanza kama ana akili. Hata akiwa mzima kwa miaka kumi, neno lile linamfuata kama lile jina la getini.

Kwa hiyo kama kuna watu wanaohitaji chama, ni hawa.

WALIPOJITOKEZA, MAMBO YALIBADILIKA

Tukumbuke njia tuliyopita. Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955, wakati wa ukoloni. Sheria ya matibabu ya akili ya mwaka 1964 ilikaa zaidi ya miaka 50 bila kuondolewa. Ilikuwa sheria ya kumkamata mtu na kumweka ndani, na haikueleza sana haki zake akishakuwa ndani.

Mwaka 1997 wagonjwa na jamaa zao waliunda chama kiitwacho Mental Health Uganda. Wengi waliwacheka: chama cha vichaa! Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 4 ya mkataba huo inasema wazi kwamba serikali, inapotunga sheria na sera zinazowahusu watu hao, ishauriane nao kwa karibu na kuwashirikisha kwa bidii kupitia vyama vyao wenyewe. Mwaka 2014 chama hicho kilishirikiana na shirika moja la haki la Ulaya kutoa ripoti juu ya hospitali za akili nchini. Wagonjwa waliulizwa, nao wakasema juu ya watu kufungiwa peke yao vyumbani.

Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa na kituo cha haki za afya kiitwacho CEHURD. Kulikuwa na kifungu kilichofanya mshtakiwa mwenye maradhi ya akili awekwe ndani akingojea amri ya Waziri, na kungoja huko kulikuwa hakuna mwisho. Mahakama ilikifuta. Iliondoa pia katika sheria ya makosa ya jinai maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwetu maana yake ni zuzu na punguani. Wako watakaouliza, neno lina uzito gani? Mwulizeni yule aliyeitwa "Butabika" getini.

Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Afya ya Akili, ya 1964 ikaondoka. Sheria mpya imeunda Bodi ya Ushauri ya Afya ya Akili. Hapa ndipo tunapowaomba mfungue macho, ndugu. Bodi ni kama kamati ya kiwanda: uzito wake unategemea ni nani wamo na nani aliyewaweka. Viongozi wa chama chetu watuulizie mambo mawili. Wanaougua na wanaouguza wanasemewa na nani katika bodi hiyo? Na huyo anayewasemea, alichaguliwa na nani?

Majirani zetu nao wanajifunza. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinavunja Katiba. Shauri hilo lilipelekwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, chama cha madaktari wa maradhi ya akili, na mtetezi mmoja wa wagonjwa, wote pamoja. Daktari hakumwambia mtetezi asubiri nje.

SOMO KUTOKA NAKIVALE

Wako wanaosema kwamba watu maskini wasio na elimu kubwa hawawezi kuchangia kitu katika mambo ya akili. Hao waende Nakivale.

Nakivale ni makazi ya zamani. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi walipokimbia machafuko ya Rwanda, na tangu hapo kila vita vya nchi jirani vimeleta watu wapya: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia. Mtu akifika pale hupewa kipande cha ardhi na turubai. Ndoto zake za usiku huja nazo mwenyewe. Kwa miaka mingi makazi hayo yalikuwa na watu wengi walioona mauaji kwa macho yao, na madaktari wa maradhi ya akili walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Mbarara, walijaribu njia nyingine. Waliwachagua wakimbizi wenyewe, watu ambao hawakuwa madaktari wala wauguzi, wakawafundisha kwa wiki 6 jinsi ya kumsaidia mtu aliyeumizwa na vita kusimulia maisha yake hatua kwa hatua, mpaka jambo lile baya likae mahali pake katika wakati uliopita. Wanyarwanda na Wasomali 277 walishiriki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya waliosaidiwa kwa njia hiyo ya kusimulia, asilimia 70 hawakuwa tena na maradhi yale walipopimwa mwishoni. Njia nyingine ya mazungumzo iliyotolewa na washauri hao hao ilifikia asilimia 65. Katika kundi lililofuatiliwa tu bila msaada huo ilikuwa asilimia 37.

Wasomeni tena wale waliofanya kazi hiyo: wakimbizi. Walijua lugha, walijua njia waliyopita wenzao msituni, walijua ni wakati gani wa kunyamaza. Kitu hicho hakifundishwi kwa wiki 6 wala kwa miaka 6. Kama mkimbizi wa Nakivale aliweza kumponya jirani yake, atashindwaje kumweleza Waziri ni nini kinachohitajika Nakivale?

Hata hivyo mkimbizi ndiye anayesahauliwa kwanza taifa linaposema "wananchi wetu". Tukumbushane, ndugu: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, tena inataja haki yake ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Yule anayebeba mikungu ya ndizi pamoja nawe Isingiro ni mwanachama mwenzako, au anastahili kuwa. Maradhi hayaulizi kitambulisho.

ANAYEUGUZA NAYE ANA YAKE

Mpaka hapa tumesema zaidi juu ya anayeugua. Sasa tuseme juu ya anayeuguza, maana yeye hana hata wodi. Mara nyingi ni mama, mke, dada au binti aliyeacha shule. Halipwi, hana likizo, hana zamu ya kumpokea. Akienda shambani asubuhi humfungia mgonjwa ndani, na akiwa kazini moyo wake uko mlangoni. Akichelewa dakika kumi mnyapara humkata nusu siku. Hamwambii sababu, kwa sababu akiisema, kesho binti zake hawataposwa.

Katika kikundi chetu yumo dada mmoja anayemuuguza kaka yake. Kaka alikataa vidonge. Dada akawa anavisaga na kuvitia katika uji. Kaka akapata nafuu, wote wakafurahi, mpaka siku alipoikuta dawa chini ya kikombe. Tangu siku hiyo hali chakula alichopika dada yake, na ugonjwa umerudi kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo.

Tulijadili jambo hilo kwenye mkutano wetu jioni nzima. Kaka alisema: "Mimi ni mtu. Kama dawa ni nzuri, niambieni." Dada alisema: "Usiku tisa sikulala. Ungekuwa wewe ungefanya nini?" Hatukupata mshindi, na tunaona hakuna mshindi wa kupatikana. Anayeugua anataka mlango ufunguliwe. Anayeuguza anataka angalau usiku mmoja wa usingizi. Wote wawili wana haki, na haki hizo wakati mwingine hugongana.

Kwa sababu hiyo tunakataa utaratibu wa kuwapa kiti kimoja wote wawili na kusema, "Wagonjwa na familia wamewakilishwa." Mahali penye kiti kimoja, anayeuguza ndiye atakayekikalia, kwa kuwa ana nguvu zaidi na watu wanamwamini zaidi. Mgonjwa atasemewa tena, safari hii na ndugu yake. Viti viwe viwili, na waruhusiwe kutofautiana mbele ya Waziri kama walivyotofautiana mbele yetu. Sheria iliyotungwa baada ya kuwasikia wote wawili haitamfundisha dada kutia dawa katika uji. Itampelekea mtu wa kuzungumza na kaka yake, na wa kumpokea yeye akalale.

MIEZI MIWILI

Huenda msomaji mmoja anasema: mimi mzima, kwangu hakuna kichaa, haya yananihusu nini? Yanakuhusu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalisema mwaka 2022 kwamba kila mwaka dunia hupoteza siku bilioni 12 za kazi kwa sababu ya unyong'onyevu wa moyo na wasiwasi uliozidi. Siku hizo ni zetu. Ni yule anayekuja kazini mwili tu, anayekunywa waragi ili alale, aliyekatwa kidole na mashine kwa sababu mawazo yalikuwa mbali.

Tena itazame Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Iliweka kwamba mfanyakazi akiugua, mwezi wa kwanza alipwe mshahara kamili. Lakini mwezi wa pili ukiisha naye bado mgonjwa, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba akifuata masharti yake. Miezi miwili. Mguu uliovunjika huenda ukaunga kwa muda huo. Dawa nyingi za akili huchukua wiki kadhaa hata kuanza kuonyesha kazi, na ya kwanza isipokufaa daktari hukujaribia ya pili. Mtu anapoanza kupata nafuu, kazi imekwisha kwenda. Akipoteza kazi anapoteza chumba. Akipoteza chumba anarudi kijijini kuwa mzigo. Na mzigo huo unamwangukia nani? Yule yule anayeuguza.

Hatuamini kwamba walioandika miezi ile miwili walikuwa na roho mbaya. Tunaamini kwamba siku ile hakuwamo chumbani mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili, akainua mkono na kusema: mabwana, haitoshi.

WANAOTUPINGA

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza: mgonjwa wa akili atasema nini cha maana? Tunajibu: maradhi haya huja na kwenda, kama homa. Mwenye malaria hatumpi kura akiwa anaweweseka, wala hatumnyang'anyi kura maisha yake yote. Mjumbe achaguliwe akiwa mzima, awe na msaidizi wake, na akiwa mzima aandike ni nani atashika nafasi yake akizidiwa. Vyama vyote vina makamu mwenyekiti. Hiki nacho kiwe naye.

La pili: mambo haya ni ya wataalamu. Wataalamu tunawahitaji sana. Hatutaki kuandika vyeti vya dawa. Rubani ndiye anayeendesha ndege, lakini abiria ndiye anayesema anakwenda wapi.

La tatu: hakuna fedha. Kweli ni chache. Shirika la Afya Duniani lilionyesha mwaka 2021 kwamba serikali za dunia hutenga kwa wastani kama asilimia 2 tu ya fedha za afya kwa maradhi ya akili. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutuita. Mtu mwenye shilingi chache hana budi kumwuliza anayekula kabla hajakwenda sokoni.

TUNAYOYAOMBA

Kwa hiyo basi, tunaleta mapendekezo haya mbele ya wanachama na viongozi, yajadiliwe matawini na kupelekwa juu:

1. Chama chetu na vyama vya wagonjwa na wanaouguza viwe na kamati ya pamoja. Wabunge wa wafanyakazi na wabunge wa watu wenye ulemavu waombwe kulibeba jambo hili kwa sauti moja.

2. Kila bodi, kamati au mkutano wa taifa unaojadili afya ya akili uwe na mjumbe wa wanaougua na mjumbe wa wanaouguza, waliochaguliwa na wenzao, wenye kura, wakae tangu dua ya kufungua hadi ya kufunga. Ushuhuda na soda basi.

3. Mjumbe alipwe nauli na siku yake ya kazi kabla ya kusafiri. Kibarua wa Isingiro hawezi kukopa nauli ya Kampala ili akaisaidie serikali.

4. Karatasi za mkutano ziletwe mapema, katika lugha anayoijua mjumbe: Kiswahili, Runyankore, Kinyarwanda. Mjumbe asiyeelewa karatasi ni pambo.

5. Nakivale na makazi mengine ya wakimbizi yawe na wajumbe wao, wanaotoka katika mabaraza yao wenyewe.

6. Mikataba ya hali bora ya kazi iongezwe kifungu: likizo ya ugonjwa wa akili ipite miezi miwili, mtu arudi kazini polepole, barua ya daktari iwe siri, na anayeuguza apewe ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa siku. Hili la mwisho halingojei Bunge. Kila tawi linaweza kulianza katika majadiliano yake yajayo.

7. Mjumbe akirudi kutoka mkutanoni atoe ripoti kwa waliomtuma. Asiporipoti, achaguliwe mwingine. Sheria hii ituhusu sisi pia.

Ndugu wafanyakazi, yule fundi tuliyemtaja amerudi kwenye mashine. Si ile ya zamani. Ni katika karakana ndogo, kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Kidonge anakinunua mwenyewe mwezi anaoweza. Jumapili huja kwenye mkutano wetu, na ndiye tuliyemchagua kuwa katibu, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri mikono inapotulia. Makala hii ameiandika yeye kwa maneno yetu sote. Mahali fulani mwandiko ulitetemeka, tukamngoja.

Mkiitisha mkutano wa tawi lenu, msimwite aje kueleza alivyovua nguo. Mwiteni aeleze kifungu cha sita. Atakuja, na mkewe atakuja naye, na kila mmoja awe na kiti chake.

Umoja ni nguvu.